Timu yangu iliongoza kwa pointi na bado ilifungwa

Kwa misimu mitatu mfululizo timu yangu ya kikapu ya kwenye kompyuta ilikuwa ya kwanza kwenye ligi kwa pointi za kufunga, na misimu yote mitatu tulimaliza nusu ya chini ya msimamo. Kila baada ya mechi nilifungua ukurasa wa takwimu, nikaliona jina letu juu kabisa, wastani wa pointi 106, na moyo ukatulia. Nikifungua msimamo, moyo unarudi palepale. Nilijieleza kwa sentensi moja ambayo niliiamini kwa dhati: tunafunga vizuri, ulinzi ndio unaotuangusha. Sentensi hiyo ilinigharimu misimu mitatu na sehemu kubwa ya bajeti.

Kwa asiyewahi kucheza michezo hii ya kusimamia timu ya kikapu kwenye kompyuta: humwendeshi mchezaji yeyote kwa vidole. Unanunua na kuuza wachezaji, unapanga mazoezi, unateua watano wa kuanza na wa benchi, unachagua aina ya ulinzi na ya kushambulia, kisha unaiachia programu ichezeshe mechi. Wewe unabaki kusoma mistari ya maandishi inayoshuka: nani katoa pasi, nani katupa, nani kakosa. Katika mipangilio hiyo upo mmoja mdogo tu, kasi ya mchezo, wenye chaguo tatu: taratibu, kawaida, haraka. Mimi niliweka haraka siku ya kwanza, na sikuigusa tena.

Sababu ilikuwa mapenzi. Napenda kikapu cha kukimbia. Niliwapenda Phoenix Suns wa msimu wa 2004/05, wale wa kocha Mike D'Antoni na mchezeshaji Steve Nash, waliotaka shuti litoke ndani ya sekunde saba za kwanza. Msimu mmoja kabla walikuwa wameshinda mechi 29. Msimu ule wakashinda 62, wakaongoza NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa wastani wa pointi 110.4. Nilichukua picha ile nikaibandika kwenye timu yangu kama vile kukimbia peke yake ndiko kulikoleta ushindi. Sikuwa nimejiuliza kuhusu Denver Nuggets wa 1990/91, ambao nao walikimbia, na kuliko Suns. Chini ya kocha Paul Westhead walifunga wastani wa pointi 119.9, wa kwanza kwenye ligi, wakafungwa 130.8. Walishinda mechi 20 na kupoteza 62. Ukiitazama safu ya pointi za kufunga peke yake, timu zote mbili ni za kujivunia.

Nataka kukaa kidogo kwenye mechi moja, kwa sababu ndiyo iliyonifumbua macho. Tulifungwa 112 kwa 109. Kabla ya hapo nilikuwa nimetumia karibu akiba yote kumnunua senta mrefu, mzuiaji mashuti hodari, ili kuziba ulinzi niliodhani ndio wa mwisho kwenye ligi. Alizuia mashuti manne usiku ule, na bado tukafungwa 112. Nilikasirika, nikachukua karatasi, nikaamua kuhesabu jambo ambalo sikuwahi kulihesabu: tulishika mpira mara ngapi?

Kila kushika mpira huko nakuita zamu. Zamu inaanza timu inapopata mpira na kwisha mpira unapokwenda kwa mpinzani, iwe kwa kikapu, kwa shuti lililokosa na kudakwa na mpinzani, au kwa kupoteza. Ukikosa shuti halafu ukadaka mwenyewe ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya kukosa, zamu ni ileile, haijaisha. Jedwali la mechi halikuandikii zamu, ila zinakadirika: chukua mashuti yote, ongeza mitupo huru ukiizidisha kwa 0.44, ongeza mipira iliyopotezwa, toa ribaundi za kushambulia. Ile 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru kwa kawaida huja miwili miwili na kumaliza zamu moja, lakini kuna ule mmoja wa nyongeza baada ya kikapu, na ile mitatu baada ya faulo ya nje ya mstari wa pointi tatu, kwa hiyo nusu kamili ingezidisha.

Usiku ule: mashuti 96, mitupo huru 20, mipira iliyopotezwa 19, ribaundi za kushambulia 11. Tisini na sita, jumlisha 8.8, jumlisha 19, toa 11. Karibu zamu 113. Pointi 109 kwa zamu 113 ni pointi 96 na nusu kwa kila zamu 100. Mpinzani naye alikuwa na zamu karibu hizohizo, akapata 99.

Hapo nilibaki nimeikodolea macho karatasi. Karibu hizohizo. Kwa misimu mitatu nilikuwa naamini kwamba kukimbia kunanipa nafasi nyingi kuliko mpinzani. Haiwezekani. Mpira ukitoka kwako unakwenda kwake, ukitoka kwake unarudi kwako. Mwisho wa mechi hamtofautiani kwa zaidi ya zamu moja mbili. Nikiharakisha, naharakisha za kwangu na za kwake pia. Kinachokupa mashuti mengi kuliko mwenzako ndani ya zamu zilezile ni kudaka ribaundi za kushambulia na kutopoteza mpira. Nami nilipoteza 19, zamu moja katika kila sita, bila hata kutupa.

Usiku huohuo nilihesabu msimu mzima wa timu zote 16 za ligi yetu. Ilinichukua hadi alfajiri, na ningependa kila msimamizi aifanye kazi hiyo walau mara moja kwa mkono wake, maana namba ulizozihesabu mwenyewe huwezi kuzibishia. Shambulizi langu, la kwanza kwa pointi, lilikuwa la 11 kwa pointi kwa kila zamu 100. Ulinzi wangu, wa mwisho kwa pointi za kufungwa, ulikuwa wa saba. Wa saba! Nilikuwa nimekitafutia daktari kiungo kisichoumwa. Senta yule wa gharama alikuja kuboresha kitu kilichokuwa juu ya wastani, huku mchezeshaji anayevujisha mipira akiendelea kuanza kila mechi kwa sababu alikuwa na pointi 21 kwa wastani.

Na kulikuwa na timu moja ambayo wengi wetu kwenye ligi tuliidharau. Ilifunga pointi 84, ikafungwa 78, mechi zake zikionekana kama za watu waliochoka. Tulizoea kusema wana ulinzi wa chuma ila hawajui kufunga. Kumbe walikuwa wanacheza zamu 82 hivi kwa mechi. Pointi 84 kwa zamu 82 ni zaidi ya 102 kwa 100. Shambulizi lao lilikuwa la pili kwenye ligi nzima, na lilikuwa limejificha nyuma ya upole wao.

Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alifanya hesabu ya ukoo huohuo mwaka 1954. NBA ilikuwa inawachosha watazamaji kwa mechi za kushikilia mpira. Biasone aliona kwamba mechi inayopendeza ina mashuti kama 60 kwa kila timu, yaani 120 kwa jumla. Mechi ya dakika 48 ina sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Sekunde 24 za kushambulia, ambazo timu lazima itupe kabla hazijaisha, zimetoka hapo, na ligi ikaanza kuzitumia msimu wa 1954/55. Alianza kwa kuuliza mechi ina mashuti mangapi, swali ambalo mimi nililifikia nikiwa nimechelewa misimu mitatu.

Baada ya hapo niliruka upande wa pili, na huko nako nikajikwaa.

Wasimamizi wenzangu walikuwa wakinitupia ile ya haraka haraka haina baraka. Haikunisaidia, kwa sababu methali haiangalii nani anacheza na nani. Kasi ina mantiki yake. Chukua mchezo wowote ambao mimi nina nafasi 60 katika 100 ya kushinda kila raundi. Tukicheza raundi moja, nashinda 60 katika 100. Tukicheza tatu na mwenye nyingi ndiye mshindi, nafasi yangu inapanda hadi karibu 65. Tukicheza tisa, inafika 73. Raundi zikiongezeka, aliye bora anapata nafasi ya kuonekana bora. Zikipungua, mnyonge anapata nafasi ya kubahatisha. Kwa hiyo timu yenye nguvu inufaike na kasi, timu dhaifu inufaike na utaratibu.

Historia inayo mifano. Tarehe 22 Novemba 1950, kabla ya saa ya sekunde 24, Fort Wayne Pistons walikwenda kwa Minneapolis Lakers wenye George Mikan, mchezaji ambaye hawakuwa na wa kumzuia. Wakaushikilia mpira karibu muda wote. Mechi ikaisha 19 kwa 18, Pistons wakashinda. Mikan peke yake alifunga pointi 15 kati ya zile 18. Hakuna mechi ya NBA iliyowahi kuwa na pointi chache kuliko ile. Na mwaka 1996 chuo cha Princeton, chini ya kocha Pete Carril, kiliwatoa UCLA, mabingwa watetezi, kwa 43 kwa 41 katika raundi ya kwanza ya mashindano ya vyuo ya Marekani.

Basi tukapangwa kwenye kombe na timu ya daraja la juu. Nikaweka taratibu. Nilijiona nimekomaa. Zamu zilishuka hadi 84 kama nilivyotaka, na tukafungwa 88 kwa 66.

Niliisoma mechi ile mstari kwa mstari siku iliyofuata. Mstari mmoja ulirudi na kurudi: saa inakaribia kwisha, analazimika kutupa. Niliuhesabu mara 17. Wachezaji wangu walikuwa wa kupokea mpira wakiwa mbioni na kumaliza: wepesi, warukaji, wakali wa leiapu, lile shuti la mbioni chini ya kikapu. Nilipowasimamisha na kuwaambia wazungushe mpira kwa sekunde 18, hakuna aliyejua kupasia vizuri isipokuwa mchezeshaji, na hakuna aliyeweza kujitengenezea shuti mlinzi akiwa ameshajipanga. Senta wangu wa gharama alikuwa na pasi mbovu kuliko wote. Shuti la sekunde ya pili kabla ya king'ora kwa kawaida ni shuti baya. Niliyatengeneza mengi kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilirudi kwenye mfano wa Princeton, safari hii kuangalia namna walivyoshinda. Mfumo wa Carril unamtaka kila mchezaji apasie, akiwemo senta, ambaye anasimama juu karibu na mstari wa mitupo huru na kuwatafuta wenzake wanaokata kwa nyuma ya walinzi. Kikapu cha ushindi dhidi ya UCLA kilikuwa hicho hasa: pasi kutoka kwa senta, mkato wa nyuma, leiapu. Kupunguza zamu kuliwapa nafasi, lakini pasi ya senta ndiyo iliyofunga.

Nikataka kujua kwa namba: utaratibu unamsaidia mnyonge kiasi gani hasa? Nimeipiga hesabu hii mara nyingi na bado inanishangaza kwa udogo wa jibu. Tuseme mpinzani ananizidi pointi 8 kwa kila zamu 100. Kila zamu ina bahati na sibu yake: sifuri, mbili, tatu. Ukiupima mtawanyiko huo kwa kiwango cha kawaida cha kikapu, katika mechi ya zamu 100 kila upande nitashinda karibu mara 30 katika 100. Nikishusha hadi zamu 80, nitashinda karibu mara 32. Mara mbili tu za ziada! Sasa tuseme utaratibu huo hauwafai wachezaji wangu na unanipotezea pointi 4 zaidi kwa kila zamu 100. Nafasi yangu inaporomoka hadi karibu 25. Yaani faida ya hesabu ni ndogo, hasara ya kuwavalisha watu nguo isiyo yao ni kubwa mara tatu na zaidi. Nadharia niliyoitegemea kwenye kombe ilikuwa ya kweli kabisa, lakini haikuwa na uzito nilioupa mwenyewe.

Tangu siku hiyo swali la kwanza ninalojiuliza ni watu nilionao. Swali la nani ana nguvu kati yetu linakuja la pili, na ninalitumia kukata shauri tu, pale timu yangu inapoweza kucheza kasi mbili kwa ubora unaokaribiana.

Kuna jambo la pumzi pia, na hili nililipata kwa bahati. Nilikuwa nikisoma mistari ya robo ya nne ya mechi moja ya ugenini. Tulikuwa mbele kwa pointi 9 zikiwa zimebaki dakika sita. Mchezeshaji anapoteza mpira. Senta anachelewa kurudi. Mchezeshaji anapasia, pasi inakatwa. Mlinzi wa pembeni anakosa leiapu akiwa peke yake, leiapu ya mtu mwenye miguu mizito. Mchezeshaji tena, anakanyaga mstari. Tulifungwa kwa pointi mbili. Nilidhani ni mkosi, hadi nilipokwenda kwenye mechi zilizotangulia na kuandika tofauti ya pointi kwa kila robo. Robo ya kwanza tulikuwa tukiongoza mara nyingi. Ya pili sawa. Ya nne tulikuwa tukizama karibu kila mara. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu ulikuwa kama dakika ya 40.

Nilikuwa na wachezaji saba wa kutegemewa. Watano walikuwa wakicheza dakika 40 na zaidi. Kasi ya haraka inataka watu tisa au kumi ambao ukiwaingiza timu haishuki, na inataka pumzi ya mazoezi ambayo mimi sikuwahi kuwapa kwa sababu wiki ya mazoezi ya pumzi ni wiki usiyofundisha kutupa. Namba za pumzi huwa zimekaa mwisho wa orodha ya sifa za mchezaji, na sokoni hazipandishi bei kama zinavyopandisha za kutupa. Nilizipuuza kwa sababu hiyohiyo. Leo ninazisoma kabla ya kutupa macho kwingine, maana kwa kuwa hazipandishi bei, mchezaji wa benchi mwenye pumzi nzuri na mikono salama hupatikana kwa fedha kidogo.

Nilijaribu pia kupima kasi kwa mechi za kirafiki: tano za haraka, tano za kawaida, tano za taratibu. Matokeo yalinichanganya, taratibu ikaibuka bora kuliko zote, jambo lililopingana na kila nilichokiona. Ilinichukua muda kukubali kwamba mechi tano hazitoshi. Pointi kwa zamu 100 zinapanda na kushuka kwa pointi 10 na zaidi kutoka mechi hadi mechi bila sababu yoyote, na mimi nilikuwa natafuta tofauti ya tatu au nne. Isitoshe, wiki ileile nilibadilisha pia ulinzi na watano wa kuanza, kwa hiyo hata kama kungekuwa na tofauti nisingejua imetokana na nini.

Kilichonisaidia zaidi ni kuacha kuangalia nani kashinda na kuangalia vitu vinavyojionyesha mapema. Mipira iliyopotezwa inajionyesha mapema. Mahali mashuti yanapotupwa kunajionyesha mapema: karibu na kikapu, nje ya mstari, au ile sehemu ya kati ambayo ni mbali vya kutosha kukosa na karibu mno kupata tatu. Mashuti ya sekunde za mwisho za saa ya kushambulia yanajionyesha mapema sana. Nikibadili kasi na baada ya mechi tatu nikaona mipira iliyopotezwa imetoka 19 hadi 13 na mashuti ya lazima hayajaongezeka, naendelea, hata kama tumefungwa mbili kati ya hizo tatu.

Kwa timu yangu ya wakati ule, jibu lilikuwa kawaida, neno ambalo nilikuwa nimelidharau kama chaguo la mtu asiye na msimamo. Kwa kawaida, wakimbiaji wangu waliendelea kupata mashambulizi ya kushtukiza baada ya ribaundi, kwa sababu programu haiwazuii kukimbia njia ikiwa wazi. Ilichoondoa ni yale mashambulizi ya kulazimisha, mmoja kuwavamia watatu. Zamu zilishuka kutoka 110 hadi kama 98. Pointi zetu zikashuka hadi 99 kwa mechi, na tukatoka nafasi ya kwanza hadi ya sita kwenye ule ukurasa niliokuwa nikiupenda. Nilimuuza yule senta kwa hasara, nikanunua mchezeshaji wa pili na senta mwingine mfupi kidogo lakini mwenye pasi. Tulimaliza wa nne, mara yetu ya kwanza kuingia hatua ya mtoano.

Uamuzi wa kasi, nikiutazama sasa, unafanyika sokoni miezi mingi kabla ya mechi. Siku ya mechi nina uhuru mdogo sana. Nikiwa na senta asiyepasia na benchi fupi, kila kitufe ni kibaya, ninachagua tu ubaya ulio mdogo. Ndiyo maana siku hizi nikimtazama mchezaji wa kumnunua najiuliza atacheza vipi zamu ya sekunde ya sita, na vipi ile ya sekunde ya ishirini. Wapo wanaoweza zote mbili, na ni adimu, na kwa hao niko tayari kulipa kuliko ninavyolipia mfungaji wa pointi 21.

Wiki hii tunacheza na ile timu ya pointi 84 tuliyokuwa tukiidharau. Tangu mwanzo wa wiki nilipanga taratibu. Wao ni bora kuliko sisi, na watano wangu wa sasa wanaweza kuusubiri mpira bila kuhangaika. Jana mfungaji wao mkuu akaumia, majeraha ya wiki tatu. Nimehesabu upya na kwa mara ya kwanza sisi ndio wenye nguvu, kwa kama pointi 3 kwa zamu 100. Hesabu inasema tuongeze zamu. Lakini senta wangu mpasiaji alicheza dakika 41 katikati ya wiki, na nikimkimbiza atakwisha kabla ya robo ya nne. Nimeweka kawaida, nimemweka senta wa akiba aanze, na yule mpasiaji ataingia dakika za mwisho za robo ya pili akiwa na miguu mipya.